Kozi ya matrena ya laki na themanini: kadio safi sana, kunyoosha wametukimbiza

Nianze na hela maana najua ndo swali la kwanza. Laki na themanini kwa kozi ya kuwanoa matrena, yaani makocha wa jimu, kwenye kadio (mazoezi ya moyo na pumzi) na kunyoosha viungo, unalipa nusu kabla na nusu siku ya kwanza mlangoni, wikiendi mbili Jumamosi na Jumapili kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, ndani yake kuna chai, msosi wa mchana, daftari la kuprintiwa na cheti. Ukumbi upo Kinondoni ghorofa ya tatu, lifti hamna, ila kozi ya mazoezi ukilalamikia ngazi watu watakucheka. Jina la wenyewe sitaji kwa sababu kuna sehemu nitawasema, na sitaki mtu anipigie simu usiku. Anayefanya kazi hizi hapa Dar atawajua tu.

Mi natreni watu kwenye jimu moja Sinza, huu mwaka wa nne. Niliingia pale kama mteja wa kunyanyua vyuma, mwenye jimu akaona mwili umejengeka akaniambia we simama hapa uwaelekeze wanaokuja, basi nikawa kocha hivyohivyo. Wengi wetu ndo tulivyoanza, tusidanganyane. Unamwona jamaa ana kifua unajua anajua, kumbe anajua kifua chake. Mambo ya mapumzi na mapigo ya moyo nilikuwa natumia ile chati iliyobandikwa kwenye mashine ya kukimbilia, na kunyoosha viungo nilikuwa nawafanyisha vile tulivyofanyishwa shuleni, unainama unagusa vidole unadundadunda mpaka kumi. Kwa hiyo nilienda na kichwa kitupu, na hilo limenisaidia.

Tulikuwa kumi na wanne. Matrena wa jimu kama sita hivi, wawili wa mahoteli, kijana mmoja anafundisha ngumi Manzese, na kina mama wanaoongoza vikundi vya jogingi, ambao kiukweli ndo walikuwa wanafunzi wazuri kuliko sisi wenye misuli. Siku ya kwanza tumeanza saa tatu kasoro dakika kumi, yaani dakika hamsini zimeenda wanahangaika na projekta, afu umeme ukakatika, afu jenereta ikawa haina mafuta. Mwalimu wa kadio, mzee wa makamo aliyekuwa anafundisha michezo shule za sekondari, akasema achaneni na ukuta, simameni. Nadhani umeme usingekatika tungesinziaga asubuhi nzima kwenye slaidi.

Kitu cha kwanza akatugawia karatasi ya maswali saba, lile dodoso ambalo mtu anatakiwa ajaze kabla hajagusa mashine: umeshaambiwa na daktari una moyo au presha, unapata maumivu kifuani, unapata kizunguzungu mpaka kuanguka, unatumia dawa gani, una mfupa au jointi inayoweza kuharibika zaidi, vitu kama hivyo. Nikajiuliza kimoyomoyo kwetu Sinza tunauliza nini mtu akija, tunauliza "mwezi au wiki?" Basi.

Baada ya hapo ikaja stepu. Benchi la mbao lenye kimo cha sentimita thelathini, unapanda unashuka dakika tatu kwa mwendo mmoja, mara 24 kwa dakika, simu imewekwa juu ya meza inapiga tik tik tik mara 96 kwa dakika, kila tik ni mguu mmoja. Ukimaliza unakaa chini hapohapo na mwenzako anakushika mshipa wa mkono anahesabu dakika nzima. Sio sekunde kumi ukazidisha kwa sita, dakika nzima, maana wanachotaka kuona ni moyo unavyoshuka. Inaonekana rahisi ila asilimia kubwa yetu tulikuwa hatujui hata kuupata mshipa, jamaa wa hoteli alikuwa anahesabu kwa kidole gumba, mwalimu akamtoa mkono, kidole gumba kina mapigo yake mwenyewe utajikuta unajihesabu wewe.

Mimi nikapangwa na mama mmoja wa kikundi cha Temeke, miaka hamsini na kitu. Kapanda kashuka, dakika ya pili tayari jasho linachuruzika mpaka kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, anahema kwa mdomo, akakaa. Nashika mshipa nahesabu, napata 92. Nikajua nimekosea. Nikampa mwenzangu ahesabu, tisini. Nikapaza sauti, "Mwalimu huyu mama yuko fiti balaa, anatushinda sisi wote." Mwalimu akaja, akamwangalia usoni, hakuangalia namba kabisa, akamuuliza taratibu, "Samahani mama, kwenye karatasi umeandika unatumia dawa, ni dawa gani?" Mama akafungua mkoba akatoa kipakiti cha atenolol.

Sasa wanaojua watakuwa wameshaelewa. Atenolol ni dawa ya presha ya kundi la beta bloka, kazi yake mojawapo ni kuushika moyo usikimbie. Mtu anaweza kuwa ameshachoka kabisa, mapafu yanawaka, na mshipa unasoma tisini kama yupo anaangalia tamthilia. Ile namba haina maana kwake, na chati ya kwenye mashine haina maana kwake.

Nikakaa kimya. Kwa sababu jimu kwetu nina mzee mmoja mstaafu, anakuja Jumatatu na Alhamisi, na aliwahi kuniambia ana presha, na mimi kwa miezi nilikuwa namsimamia kwenye mashine naangalia kioo cha mashine kinachosoma mapigo nasema "mzee wangu bado, chati inasema 130, kaza kidogo," naye kwa heshima yake anakaza. Mara mbili alishuka akaenda kukaa kwenye ngazi akainamisha kichwa. Nilimpa maji nikaona nimefanya kazi nzuri. Wakati wa chai nikamfuata mwalimu pembeni nikamweleza, nikatarajia atanisema. Hakunisema, akaniambia tu mambo mawili, usije ukamwambia aache dawa wala apunguze, hiyo kazi ya daktari wake, na kuanzia leo kioo achana nacho, mfanye aongee.

Hapo ndo likaja somo la kuongea, na mi naona hili peke yake limerudisha laki yangu, hizo themanini nyingine tutaona. Mwalimu akauliza nani alikimbia mchakamchaka shuleni. Wote tukanyosha mikono. Akasema basi mnajua tayari, ila hamjui kama mnajua. Kama unakimbia na unaweza kuimba vizuri kabisa, hiyo ni mwendo mwepesi. Kama unaweza kuongea sentensi lakini kuimba huwezi, hiyo ni ya wastani. Ukishindwa kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, umeingia nguvu kubwa. Yule mwanafunzi wa mbele anayeanzisha nyimbo kapewa mwendo wa kuimba, na wa nyuma wanaochomoka kwenye mstari hawaitikii, sio wavivu, wameshapita mstari wa kuongea. Nilicheka peke yangu maana mimi ndo nilikuwa wa nyuma.

Mzee wangu sasa hivi akiwa kwenye mashine namchokoza habari za Yanga, yeye Yanga damu, anaongea bila kuchoka, akianza kukata maneno nashusha spidi. Hajui kama ni kipimo.

Hesabu nazo walifundisha na walifundisha vizuri. Ile ya 220 toa umri, ya kukisia mapigo ya juu kabisa ya moyo wa mtu, wote tunaijua, lakini wakatuonyesha na ya pili ya mwaka 2001, ya Tanaka na wenzake, 208 toa umri mara 0.7. Mtu wa miaka 40 zote mbili zinakupa 180, hakuna ugomvi. Ila mtu wa miaka 60 ya kwanza inakupa 160 na ya pili 166, na kijana wa 20 inageuka, 200 kwa 194. Na hata hiyo bado ni makisio, mtu na mtu wanaweza kupishana mapigo kumi au kumi na mbili juu au chini, kwa hiyo trena anayemgombeza mteja kwa mapigo manne anajisumbua. Halafu kuna ya Karvonen, yule Mfini, hii inaingiza na mapigo ya mtu akiwa amepumzika. Umri 40, kapumzika anasoma 70, 180 toa 70 unabaki na 110, asilimia 40 yake ni 44, unarudisha ile 70 unapata 114, na asilimia 59 inakufikisha kama 135. Kati ya hapo ndo wastani wake. Mwenye presha ya kumeza vidonge vile, hesabu zote hizi unaziweka kando.

Kuna kipimo kingine cha Borg, Mswidi, mtu anataja mwenyewe namba ya jinsi anavyojisikia kazi ilivyo nzito, kinaanzia 6 mpaka 20, kila mtu darasani akauliza mbona kisianzie moja kama binadamu. Kumbe alikipanga hivyo ili ukiongeza sifuri mwishoni ikaribiane na mapigo, mtu akisema 13 yupo kama 130, kwa kijana mzima asiye na dawa lakini. Wateja wangu nimejaribu kuwauliza hiyo ya sita mpaka ishirini wakaniangalia kama nimechanganyikiwa, nimerudi kwenye kuongea.

Na ikaja Tabata. Nilidhani utani. Mwalimu kaandika ubaoni TABATA, kijana wa ngumi akauliza Tabata ya Segerea au ya Kimanga, kama vile ni ule mtaa wa hapa Dar, ukumbi mzima ukaanguka. Kumbe ni Mjapani, Izumi Tabata, utafiti wake wa mwaka 1996, watu kwenye baiskeli wanakanyaga kwa nguvu zote sekunde 20, wanapumzika 10, raundi saba hadi nane, kwa ujumla kama dakika nne hivi halafu wamekwisha. Sasa jimu nyingi za mjini zinatangaza darasa la Tabata dakika arobaini na tano. Mwalimu akasema kama umeifanya dakika arobaini na tano basi hukuifanya. Walengwa wa hiyo ni watu ambao tayari wana msingi, sio dada aliyekuja jana kutoa kitambi cha uzazi. Kwa mtu wa kawaida akatukumbusha viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2020, dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu, na akasema mwenye kutembea kwa haraka kutoka kituo cha mwendokasi mpaka nyumbani naye anahesabiwa, asidharauliwe.

Jumapili ya wiki ya pili tukatolewa nje, na hapa nawapa maksi zote. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tupo upande wa hospitali ya Aga Khan, tunakimbia daraja la Tanzanite kuelekea Coco Beach, lile daraja lililofunguliwa 2022, ni kilomita moja na vipande tu kwa hiyo ni zuri kupimia, hakuna kona hakuna bodaboda wa kukukatiza. Unakimbia na mwenzako mnapiga stori, ukishindwa stori unapunguza. Nimefika ng'ambo nina mapigo 138. Tukakaa tukafanya mambo mengine pale ufukweni, tukanywa madafu, saa nne tukarudi njia ileile mwendo uleule kwa saa, nikafika nina 157. Mwendo ule ule jamani. Mwalimu akaeleza, joto linafanya damu iende kwenye ngozi kupoza mwili, moyo unalazimika kupiga zaidi ili misuli nayo ipate, na kwa sababu hewa ya Dar ina unyevu jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halikupozi. Kwa hiyo yale mambo ya kujifunga nailoni tumboni na kuvaa sweta mchana ili mafuta yayeyuke, ni maji tu yanatoka, ukinywa chupa mbili yanarudi, na ukizidisha utaanguka. Nina wateja watatu wa nailoni. Mmoja nimeshamvua, wawili bado tunabishana.

Kunyoosha sasa. Dada aliyefundisha ni mtaalamu wa fiziotherapia, anajua kazi yake kupita maelezo, shida wamempa nusu siku moja. Nusu siku! Kitu ambacho trena anakigusa kila saa.

Alianza kwa kumkalisha mmoja wetu juu ya meza miguu inaning'inia, akachukua nyundo ndogo ya mpira akamgonga chini ya kifuniko cha goti, mguu ukaruka wenyewe. Akauliza nani kauambia mguu uruke. Hakuna. Ndani ya msuli kuna vitu vidogo vinavyohisi msuli ukivutwa, ukivutwa ghafla vinapiga kengele msuli ujikaze usichanike. Akasema sasa nyie mnaodundadunda kugusa vidole, kila mkidunda mnapiga kengele, mnavuta msuli ambao unajikaza. Nilikumbuka miaka minne ya kuhesabu "moja, mbili, tatu, shuka zaidi!" nikaangalia chini.

Anachotaka yeye ni hivi: kunyoosha kwa kutulia, unafika pale unapoanza kuhisi unavutika ila hakuna maumivu, unakaa sekunde kumi mpaka thelathini, wazee thelathini mpaka sitini, unarudia mpaka jumla ifike kama dakika moja kwa kila msuli, siku mbili au tatu kwa wiki na ukiweza zaidi ni bora, na mwili uwe umepata moto kwanza. Kabla ya mazoezi ya nguvu au kuruka usikae kwenye mkao mmoja zaidi ya dakika, inapunguza nguvu, hapo tumia za kutembeatembea, kurusha mguu taratibu, kuzungusha nyonga, kuchuchumaa na kuinuka. Ile ndefu ya kutulia iweke mwisho au siku yake.

Akatuonyesha na ile ya wawili wawili, yeye anaiita kaza-legeza, iliyoanzia Marekani miaka ya 1940 kwa daktari Herman Kabat akiwasaidia watu waliopooza. Umelala chali, mwenzako anainua mguu wako ulionyooka mpaka unapokaza, unasukuma mguu kurudi chini kama sekunde sita kwa nusu ya nguvu zako yeye amekushikilia, unaachia, anauinua tena taratibu anakaa nao. Mguu wangu ulipanda kama shubiri nzima zaidi ya mwanzo na sikusikia maumivu. Jamaa wa hoteli akasukuma kwa nguvu zote akapata mkakamao wa paja akapiga kelele mpaka wa ofisi ya chini wakaja kuuliza. Nusu ya nguvu imesemwa mara tatu. Sisi wanaume.

Kwenye kile kiboksi cha kukaa chini na kusogeza vidole nimetoka wa pili kutoka mwisho. Mama wa atenolol kanipita mbali. Dada akamuuliza mama unafanya zoezi gani nyumbani, akajibu mi nakuna nazi tu, nakaa kwenye mbuzi miguu mbele. Baada ya hapo kila nikiinama wananiambia nenda kakune nazi.

Halafu muda ukaisha. Mabega hatukugusa, shingo hatukugusa, na hawa wateja wanaoshinda kwenye kompyuta posta shida zao ziko hukohuko. Dada mwenyewe alionekana ameumia.

Mengine ya kuwasema nayasema haraka. Slaidi na daftari vyote Kiingereza kigumu, wakati walimu wanaeleza kwa Kiswahili kitamu kabisa, kina mama wawili walikuwa wanapiga picha ubao badala ya kusoma daftari. Kwenye tangazo waliandika huduma ya kwanza na kubonyeza kifua, tumepata dakika kumi na tano za video bila mdoli hata mmoja, hiyo ni ahadi wamekula. Feni mbili kwa ukumbi ule ni mateso, fika mapema ukae upande wa dirisha. Msosi wali maharage na samaki, mzuri, sina neno. Mtihani ni maswali thelathini ya kuchagua, hakuna aliyeambiwa amshike mtu mshipa mbele ya mwalimu, jambo ambalo lingekuwa la maana kuliko yale maswali yote.

Na cheti. Tangazo lilisema kinatambulika kimataifa. Nimeuliza kinatambulika na nani, mara mbili, kwenye kundi la WhatsApp, nikajibiwa na emoji ya mikono. Kichukulie kama cheti cha kuhudhuria, kama unatafuta kazi hoteli kubwa uliza kwanza wanataka nini kabla hujatoa hela. Changu mimi wameandika herufi ya jina la baba vibaya, nimekirudisha, hii ni wiki ya tano.

Kama umeshasoma mambo haya chuoni hakuna kipya sana, baki na hela yako. Kama umeingia kwenye hii kazi kwa mlango wa kifua kama mimi, lipa, ila waulize kabisa dada wa kunyoosha safari hii amepewa siku ngapi, wakikuambia nusu siku waambie wa mwisho alilalamika. Beba taulo, raba za kukimbilia na maji yako, yale ya pale yanaisha saa tano.